Paa au Sakafu?

Kazi ya paa ni kukinga nyumba na mvua na jua. Katika maghorofa ya Huruma, Nairobi, slabu ya juu huitwa paa, ila nondo zilizochomoza zikishika kutu zinaonyesha kuwa mwenye nyumba anaihesabu kama sakafu ya ghorofa ijayo. Ndiyo maana haiwekei mteremko wala hazibi nyufa, na maji hutuama. Wapo watakaosema ni mahali pa kuanikia nguo na kuweka tangi. Sawa, lakini kamba ya nguo haizuii mteremko. Na ghorofa ya kuongeza inataka idhini na mhandisi: Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita, lililojengwa bila idhini, liliporomoka Huruma mvua ikinyesha, likaua watu wapatao 50. Anayeiita slabu hiyo paa, aitunze kama paa.