Bao, Fimbo na Kishikwambi

Juma lililopita nilikaa pembeni mwa soko la Majengo, hapa Dodoma, nikiwatazama wazee wawili wakicheza bao. Mmoja alinyoosha mkono, akaurudisha, akatikisa kichwa, kisha akachagua shimo jingine. Hakuwa amegusa kete hata moja, lakini alikwisha piga hesabu.

Nikakumbuka utoto wangu. Mwalimu alitukuta uani tumechimba mashimo ardhini, tunacheza kwa mbegu. Aliyafukia kwa mguu, akatucharaza fimbo, akatuamuru tuingie darasani tukafanye hesabu. Masikini, hakujua kwamba ndizo tulizokuwa tukizifanya.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana mashimo 16. Mchezo unapoanza, kila mmoja hupanga kete 10 ubaoni na kubaki na 22 za kunamua. Ukizoa kete 5 katika shimo la kwanza, ya mwisho itaangukia la sita. Likiwa na kete, unazizoa na kuendelea. Likiwa tupu, unalala. Hapo mtu hujumlisha, hutoa, na hukumbuka kila shimo lililobadilika. Mtaalamu Alexander de Voogt alichapisha mwaka 1995 kitabu kizima juu ya uwezo wa akili za mabingwa wa bao.

Shule zetu zilipita njia nyingine. Mwaka 1974 huko Musoma iliamuliwa kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Lilikuwa jambo la heshima kubwa. Lakini madarasa yalijaa, walimu wakaandaliwa harakaharaka, na hesabu ikawa wimbo wa kukariri. Bao likabaki chini ya mti.

Kati ya mwaka 2017 na 2019 vishikwambi viligawiwa kwa watoto wa vijiji karibu 170 mkoani Tanga, vikiwa na masomo na michezo ya Kiswahili, ili wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Yalikuwa mashindano ya XPRIZE. Mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Sasa vijana wetu nao wanabuni michezo ya mafumbo ya hesabu. Nawaomba jambo moja. Iko michezo inayoiweka hesabu mlangoni kama ushuru: jibu saba mara nane, ndipo uruhusiwe kuruka mto. Mtoto hulipa ushuru huku macho yake yako mtoni. Katika bao hakuna ushuru. Hesabu yenyewe ndiyo inayokuvusha, na ukikosea hukaripiwi na mtu. Kete zako zinaliwa, nawe unajua ni kwa nini.

Sisemi bao latosha. Bingwa wa kijiweni aweza kushindwa mtihani kwa kuwa hakuonyeshwa jinsi ya kuyaandika anayoyajua. Mchezo hauwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Anahitajika mwalimu wa kumshika mtoto mkono kutoka kwenye kete hadi kwenye chaki.

Kwa hiyo, kijana mbunifu, kabla hujafungua kompyuta yako, pita Majengo kwanza. Nawe mwalimu, ukiwakuta watoto wamechimba mashimo uani, weka fimbo chini, chuchumaa, uwaulize kete ya mwisho itaangukia wapi.