Wageni wa Kidugala na Ifunda

Msharika wa Uyole anayepanda basi alfajiri kwenda Iringa hupita Igawa, Makambako na Mafinga, na kabla hajafika mjini hupita Ifunda. Wengi wetu tunaijua Ifunda kwa sababu ya shule. Ndugu zetu wa upande wa Njombe wanaijua Kidugala kwa sababu ya seminari yetu ya Kilutheri, nasi tuna watoto waliosoma huko. Ni wachache wanaofahamu kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili mahali hapa pawili palikuwa makazi ya Wapolandi, watu waliotupwa mbali na kwao na wakaishi miaka kadhaa katika baridi yetu ya Nyanda za Juu.

Tumeona vema kuwakumbuka hapa, kwa sababu swali lililowakuta wazee wetu wa Kidugala linatukuta sisi leo pale njia panda ya Uyole: mgeni akija kuishi, si kupita tu, anakuwa nani kwetu, na sisi tunakuwa nani kwake?

Habari yao inaanza Septemba 1939. Tarehe 1 majeshi ya Hitler yaliingia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 majeshi ya Stalin yakaingia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa kama nyama. Katika sehemu ya mashariki, kuanzia Februari 1940, familia nzima zilitolewa nyumbani usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan kukata miti na kufanya kazi za shuruti. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Mwaka 1941 Hitler alipomgeukia Stalin, Stalin akahitaji marafiki, na Wapolandi wakaachiliwa. Jenerali Anders akakusanya jeshi kutoka miongoni mwa watu hao waliokonda, na mwaka 1942 askari pamoja na makumi ya maelfu ya raia wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wenye nguvu walikwenda vitani. Waliobaki walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee, na watoto wengi walikuwa yatima.

Hao ndio walioletwa Afrika. Serikali ya Kiingereza iliwatawanya katika makoloni yake, karibu watu 20,000 kwa jumla. Uganda walikaa Masindi na Koja. Ng'ambo ya mpaka wetu walikaa Abercorn, mji ambao leo tunauita Mbala. Kambi kubwa katika Tanganyika ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala. Reli ya TAZARA haikuwapo, wala lami. Mtu aliyefika Kidugala alikuwa ameshazunguka nusu ya dunia kwa behewa, meli na lori.

Hapa ndipo historia yao inapoingia katika historia ya kanisa letu. Kidugala ilikuwa kituo cha Misheni ya Berlin. Vita vilipoanza, wamisionari wa Kijerumani wakawa raia wa nchi adui, wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Makanisa waliyoyaanzisha yakaitwa misheni yatima. Wachungaji na wainjilisti wenyeji ndio waliobeba mzigo wa kuhubiri, kubatiza na kuzika, wakisaidiwa na wamisionari wachache wa Kilutheri kutoka Marekani na Sweden. Basi tazameni jambo hili. Kituo kilichojengwa na Wajerumani kikawa makao ya watu walioharibiwa nchi yao na Wajerumani, na watu hao, wengi wao Wakatoliki, wakaishi katikati ya Wakristo wa Kilutheri ambao nao walikuwa wamebaki bila walezi wao. Hakuna kamati ya kanisa iliyopanga hivyo. Sisi hatuthubutu kusema kwamba Mungu alileta vita ili mambo yawe hivyo. Mafundisho ya namna hiyo tumeyasikia mno mimbarani, na hayamfariji aliyefiwa. Tunasema tu kwamba ndivyo ilivyotokea.

Je, wageni hao walifanyaje ili waishi? Walifanya yale ambayo Yeremia aliwaandikia watu wa uhamishoni Babeli katika sura ya 29: walipanda bustani, walioa na kuolewa, walizaa. Kambi zilikuwa na shule zilizofundisha kwa Kipolandi, zahanati, vikundi vya skauti, karakana za kushona na kufuma, na padri wa kuadhimisha misa. Huko Nyabyeya, karibu na Masindi, kanisa lao la matofali limesimama hata leo. Watu waliojua theluji walijifunza kumeza kwinini, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kuomba chumvi kwa Kiswahili. Ingawa kuhusu baridi, tunadhani Juni ya Kidugala haikuwatisha sana watu waliotoka Siberia. Kwa viazi na kabichi pia Nyanda za Juu zetu hazikuwa ugenini kabisa kwao.

Wenyeji nao waliona jambo jipya. Mzungu waliyemfahamu alikuwa mkuu wa wilaya, setla au mmisionari. Sasa walimwona mwanamke Mzungu maskini, anayelima kwa mkono wake, anayefua nguo za wanawe na kuzitia viraka, asiyekuwa na bunduki wala farasi wala amri. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliliona jambo hilo nao likawasumbua, maana utawala wao ulitegemea watu kuamini kwamba Mzungu ni bwana kwa kuzaliwa. Hiyo ni sababu moja ya kuwaweka Wapolandi katika kambi zao wenyewe, mbali na miji. Vibarua Waafrika walijenga nyumba, wakapasua kuni na kubeba mizigo, lakini jioni kila mtu alirudi upande wake. Mkimbizi aliyepoteza kila kitu bado alihesabiwa juu ya mwenye nchi. Tukisimulia ukarimu wa wazee wetu tusilifiche jambo hili, kwa sababu hawakuulizwa kama wanapenda kupokea wageni, na Wapolandi hawakuulizwa kama wanapenda kuletwa. Wote wawili waliwekwa pamoja na mtu wa tatu.

Hata hivyo kulikuwa na kitu kilichowaunganisha ambacho hakuna afisa aliyekiandika kwenye orodha. Waume na wana wa wanawake wale wa Kipolandi walikuwa vitani pamoja na Anders. Wengi walianguka Italia, katika mapigano ya Monte Cassino ya Mei 1944. Wakati huohuo wana wa Wabena, Wahehe, Wanyakyusa na Wasafwa walikuwa katika jeshi la KAR, wakipigana Ethiopia, Madagaska na hatimaye Burma. Mama wa Kipolandi akingoja barua ndani ya kambi, na mama wa Kibena akingoja habari nje ya kambi, wote walikuwa wakiomba kwa Mungu mmoja jambo lilelile moja. Walikuwa na njia chache sana za kuambiana.

Kisha vita vikaisha, na hapo ndipo penye uchungu mkubwa kuliko safari yote. Mwaka wote walikuwa wakijiandaa kurudi. Watoto walifundishwa majina ya mito ya kwao na sikukuu za kwao, kwa kuwa kila mtu aliamini kambi ni kituo cha njiani. Lakini Februari 1945, huko Yalta, wakubwa wa dunia walikubaliana kwamba sehemu ya mashariki ya Polandi iwe ya Urusi ya Kisovieti. Mtu aliyekuwa akiota kijiji chake sasa aliambiwa kwamba kijiji kiko palepale, ila nchi ndiyo imehama. Wengi hawakutaka kurudi chini ya utawala uliowapeleka Siberia. Kubaki Tanganyika nako kuliruhusiwa kwa wachache tu, wenye kazi au ndugu wa kuwategemeza. Wengine walipelekwa Uingereza, Australia na Kanada. Mwaka 1949 padri Mfransisko, Łucjan Królikowski, alifuatana na watoto wapatao 150 kutoka Tengeru, wengi wao yatima, wakapitia Italia hadi Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi zilikuwa zimefungwa, na Ifunda ikawa shule ya ufundi. Vijana wetu wakajifunza useremala na uashi pale ambapo watoto wa Kipolandi walijifunza kusoma.

Sisi tuliosoma theolojia Makumira tulikuwa jirani na Tengeru, mwendo mfupi kwa daladala. Makaburi ya Wapolandi yapo huko hata sasa, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yapata 150, yamezungushiwa ukuta. Wengi ni Wakatoliki, lakini wamo Waothodoksi, na wamo Wayahudi. Tulisoma majina tusiyoweza kuyatamka. Hata hivyo miaka tuliweza kuihesabu, na makaburi mengine ni mafupi. Kwa miaka mingi mikono iliyofyeka majani pale ilikuwa mikono ya wenyeji. Tulirudi chuoni jioni ile tukiwa na mtihani wa Kiyunani kesho yake, na tukiri kwamba hatukusoma sana.

Vita hivyo viliacha wakimbizi wengi hata miongoni mwa Walutheri wenyewe: ilihesabiwa kwamba Mlutheri mmoja katika kila sita duniani alikuwa amehamishwa kwao. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoanzishwa huko Lund, Sweden, mwaka 1947, hao walikuwa sehemu kubwa ya kazi yake ya kwanza. Mwaka 1964 fungamano hilo lilianzisha hapa kwetu TCRS, shirika la kuhudumia wakimbizi, ambalo baadaye lilifanya kazi katika makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Warundi wale walifyeka pori, wakalima, wakauza mahindi na tumbaku, wakazaa wajukuu. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa katika kupokea uraia wa Tanzania. Kile walichonyimwa Wapolandi wengi wa Ifunda, nchi yetu iliyo huru iliwapa Warundi. Tunaweza kulisema hilo kwa shukrani, bila majivuno.

Lakini uraia hutolewa na serikali. Usharika nao una mlango wake, na mlango huo tunaushika sisi.

Uyole ni njia panda. Barabara moja inakwenda Tunduma, nyingine Kyela na Malawi, nyingine Iringa na pwani. Malori hayalali. Tumesoma mara nyingi magazetini habari za vijana wa Ethiopia waliokamatwa katika mkoa wetu wakiwa wamefichwa kwenye malori, wakielekea Afrika Kusini, na wengine waliokutwa wamekufa kwa kukosa hewa. Hao wanapita. Wapo pia wanaobaki: wanaouza vitenge sokoni, wanaobeba magunia ya viazi, wanaokaa kwenye benchi la nyuma kanisani na kuimba sauti ya tatu bila kitabu.

Katika usharika mmoja wa huku alikuja fundi cherehani kutoka upande wa Kongo, pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Alikodi kibaraza, akashona sare za shule, na Jumapili hakukosa. Alipoomba kushiriki Chakula cha Bwana na mtoto wake abatizwe, baraza la wazee lilimwomba barua ya uhamisho kutoka usharika wake wa awali. Alisema kanisa lilichomwa na mchungaji wake hajulikani alipo. Tuliokuwa kwenye kikao tulinyamaza. Mzee mmoja akasema utaratibu ni utaratibu, naye hakukosea, kwa sababu tumeshadanganywa na watu. Mama mmoja akauliza kama kitabu cha ubatizo kilichoungua kinafuta ubatizo. Hakuna aliyemjibu. Tukaahirisha.

Wakati wa kuahirisha tulikuwa na maneno mazuri mdomoni kuhusu kulifanyia kazi suala hilo. Yule fundi alitushukuru, akarudi kwenye cherehani yake. Kwaya ya vijana ilimpa kazi ya kushona majoho, akayashona kwa bei ya chini. Yote yalimkaa kila mmoja vizuri. Mtoto sasa anatembea, na washarika humpokezana mikononi wakati wa ibada kama wa kwao.

Baraza litakutana tena Jumamosi baada ya Sikukuu ya Mavuno. Jina lake limewekwa la kwanza kwenye ajenda, kabla ya hesabu za mnada.