Kila Nukta na Mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyetaka kompyuta yake ijulikane kwa jina kwenye mtandao alipiga simu Menlo Park, California, saa za kazi, au alituma barua pepe. Ombi lilifika katika ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler, kwenye taasisi ya utafiti ya SRI. Hapo lilitunzwa faili moja, HOSTS.TXT, lenye jina la kila kompyuta ya ARPANET, mtandao wa Marekani uliokuja kuzaa intaneti. Kando ya kila jina ilikuwapo namba yake, maana mashine hutafutana kwa namba. Majina ni kwa ajili yetu sisi. Waliounganishwa walilichukua faili hilo mara kwa mara na kulinakili kwenye mashine zao. Jina likiwa limeshachukuliwa, uliambiwa utafute jingine.

Mashine zilipokuwa chache, utaratibu huo ulitosha. Zilipofika mamia ofisi ilianza kuelemewa. Maombi yalimiminika, faili likazidi kurefuka, na aliyechelewa kuchukua nakala mpya alibaki na namba zilizokwisha kufa.

Jon Postel, wa taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California, alimkabidhi mwenzake Paul Mockapetris mapendekezo matano ya kutatua tatizo hilo, atafute mwafaka kati yake. Mockapetris aliyaweka yote kando akabuni la kwake, na Novemba 1983 likachapishwa. Ndilo tunalotumia hadi leo.

Wazo lake ni kwamba asiwepo mtu hata mmoja anayelazimika kuyajua majina yote. Anayehitaji barua ya utambulisho hamwendei mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa anamjua mkuu wa wilaya, wilaya inaijua kata, na mwishoni yuko mjumbe wa nyumba kumi anayeujua mlango. Majina ya intaneti yamepangwa vivyo hivyo, na kila nukta ni mahali ambapo mmoja amemkabidhi mwenzake madaraka.

Chukua udsm.ac.tz, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiiandika kwenye simu, kampuni yako ya intaneti inaenda kukuulizia. Kama hakuna jibu lililohifadhiwa tangu awali, inaanza kwa seva za mzizi, zilizo juu kabisa. Hizo hazikijui chuo; zinajua tu seva zinazosimamia tz, na zinaelekeza huko. Seva za tz zinaelekeza kwa seva za chuo chenyewe, na hizo ndizo zinazotoa namba. Safari yote inakwisha kabla hujapepesa jicho.

Kwa hiyo jina la kikoa, yaani jina la aina hii, lina mamlaka yake kuliani, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hili ningependa lifundishwe shuleni, kwa sababu matapeli wanategemea tusilijue. Mtu akikutumia kiungo cha wizara.go.tz.mfano.com, jicho litanasa "wizara" na "go.tz" na moyo utatulia. Anza kulia: com, kisha mfano. Mwenye mali ni aliyesajili mfano.com, na kilicho kushoto kwake amekiandika atakavyo, bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachofuata baada ya mkwaju wa kwanza nyuma ya jina, yaani kurasa na mafolda, nacho ni chake, kwa hiyo "go.tz" ikitokea huko haithibitishi chochote. (Mikwaju miwili ya mwanzo, baada ya http na nukta pacha, aliiweka Tim Berners-Lee alipobuni wavuti pale CERN, Uswisi; mwaka 2009 alikiri kwamba haikuhitajika.)

Oktoba 1984 ndipo yalipotangazwa makundi ya juu: com kwa biashara, edu kwa elimu, gov kwa serikali, mil kwa jeshi, org kwa taasisi nyingine. Gov na mil zimebaki za Marekani. Machi 15, 1985, kampuni ya kompyuta ya Massachusetts iitwayo Symbolics ilisajili symbolics.com, ya kwanza katika com. Hakukuwa na msongamano. Mwaka huo uliisha na majina sita tu ya com. Usajili ulikuwa bure hadi Septemba 1995, ilipoanza kutozwa dola 100 kwa miaka miwili.

Nchi nazo zilipewa herufi mbilimbili, na hapa Postel, aliyekuwa na kazi ya kuzigawa, alitumia busara kubwa. Angeweza kukaa na wenzake waamue nchi ni ipi na isiyo nchi ni ipi. Badala yake alichukua orodha ya kimataifa iliyokwishakuwapo, ISO 3166, akaifuata. Ndiyo maana sisi ni tz, ke na ug, na Zanzibar imo ndani ya tz.

Orodha ikibadilika, mtandao nao hubadilika, na hilo Wakongo wanalijua. Zaire ilikuwa na zr. Mei 1997 Mobutu alianguka, nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwaka huohuo ikapata cd. Majina yakahamishwa, na mwaka 2001 zr ikafutwa kwenye mzizi. Lakini su, ya Muungano wa Kisovieti uliovunjika mwaka 1991, iliendelea kusajili majina miaka mingi baadaye. Waliokuwa nayo hawakukubali kuiachia.

Siku hizo Postel aligawa herufi za nchi kwa kuaminiana. Ke ilitolewa Aprili 1993. Msimamizi wake alikuwa Dk. Shem Ochuodho, Mkenya, lakini shughuli za kiufundi zilikuwa mikononi mwa Randy Bush, aliyekuwa Marekani. Wote wawili walijitolea, na wanastahili shukrani. Hata hivyo, kampuni ya Nairobi kutegemea seva za ng'ambo ili ipatikane na mteja wa Mombasa haikuwa hali ya kudumu nayo. Mwishoni mwa 2002 uhamisho wa ke kwenda KENIC, shirika la Kenya la kuisimamia, uliidhinishwa. Tanzania ilipewa tz mwaka 1995. TzNIC iliundwa mwaka 2006 na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, ikakabidhiwa tz rasmi mwaka 2010.

Jinsi mfumo wote ulivyosimama juu ya uaminifu wa watu wachache ilidhihirika Januari 28, 1998. Postel aliwaandikia waendeshaji wanane wa seva za mzizi akiwataka wafuate mashine yake badala ya ile rasmi. Walimtii. Serikali ya Marekani ilishtuka, akaamriwa arudishe mambo yalivyokuwa, na akarudisha, akisema lilikuwa jaribio. Oktoba mwaka huo alifariki akiwa na miaka 55, wakati ICANN, shirika la kubeba kazi yake, ndiyo kwanza limeundwa. Marekani iliachia usimamizi wake juu ya mzizi mwaka 2016.

Huku chini kwetu, nukta nyingi bado hazijafika kwa wenyewe. Mwenye duka au hoteli anamlipa fundi wa tovuti, fundi analisajili jina kwa jina lake mwenyewe, na siku wakikosana biashara inabaki bila anwani wala barua pepe. Kabla ya kulipa, mwambie akuonyeshe rekodi ya usajili: sehemu ya mmiliki iwe na jina lako au la kampuni yako, barua pepe iwe yako, na tarehe ya kuisha uiandike unapoandika tarehe ya leseni.