Old Spice ya Babu na ya Leo: Ipi Kali?

Wasee, ubishi wa Old Spice hapa Kitale hauishi. Wazee wanashikilia ile ya chupa nyeupe ya glasi. Sisi tumezoea ya plastiki. Chupa ya babu bado ina matone kadhaa, nimezinusa zote: ya zamani ina karafuu nzito, mpya ni nyepesi na tamu zaidi.

Lakini hebu tusome chupa kwanza. Kampuni ya Shulton ya Marekani ilianza kuuza Old Spice ya wanaume 1938; Procter & Gamble wakainunua 1990. Kwenye chupa za kale kuna meli, Grand Turk, ya bandari ya Salem. Wafanyabiashara wa Salem walifika pia Zanzibar, wakichukua pembe za ndovu na sandarusi, wakileta kitambaa tulichokiita merikani. Konseli wa kwanza wa Marekani kule, Richard Waters wa Salem, alifika 1837.

Karafuu za Unguja na Pemba wakati huo zililimwa na watumwa, wengi kutoka bara. Hata kwetu, wenyeji husimulia kwamba lile duara la mawe pale Kitale Club lilikuwa kituo cha misafara ya watumwa. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria 1897.

Mkiniuliza, ya babu ndiyo kali. Ila tukiisifu karafuu, tusiishie kwa meli iliyochorwa kwenye chupa. Tutaje na mikono iliyoichuma.