Selenium ilianza kama demo, tukasahau

Wasee, zana maarufu kabisa ya kupima tovuti ilianza kama kitu unachofungua kwa brauza na kukiona kikichapa kazi papo hapo. Hiyo historia ina maana kwetu, subirini.

Mwaka ni 2004, mji ni Chicago. Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks anashughulikia programu ya ofisi ya kujaza saa za kazi na gharama. Kila ikibadilishwa kidogo, lazima mtu aketi abonyeze vitufe vilevile tena, kuona kama kuna kilichoharibika. Akaandika JavaScript ya kumbonyezea.

Ilikuwa ukurasa mmoja uliogawanywa. Upande mmoja jedwali la amri: fungua hapa, andika jina, bonyeza, hakikisha neno fulani limetokea. Upande mwingine, programu yenyewe inayopimwa. Ukiwasha, unaona fomu ikijijaza. Hatua ikipita, mstari unageuka kijani. Ikifeli, mwekundu. Hata mtu wa akaunti anaelewa.

Enzi hizo Mercury Interactive ilikuwa inauza zana za kupima kwa leseni. Mercury ni zebaki, na Huggins akatania kwamba dawa ya sumu ya zebaki ni seleniamu. Jina likashika, na Selenium ikatolewa bure.

Lakini kulikuwa na ukuta. Kwa sababu za usalama, brauza hairuhusu JavaScript ya tovuti moja kugusa ukurasa wa tovuti nyingine. Kwa hivyo Selenium ilibidi ikae kwenye seva moja na programu inayopimwa. Simon Stewart akaja na WebDriver, inayoendesha brauza kutoka nje. Miradi hiyo miwili ikaungana, Selenium 2 ikatoka 2011, na mwaka wa 2018 W3C ikaifanya WebDriver kiwango rasmi.

Ushindi mkubwa, sikatai. Ila sasa demo ya mtandaoni inahitaji seva ya kuwasha brauza nzima kwa kila mgeni, na hiyo ni pesa. Ndiyo maana wengi wanakuonyesha video tu, au wanakuambia usakinishe kwa laptop. Na yule ako na simu na bando ya siku moja je?

Maoni yangu: ule ukuta ni shida ya kupima tovuti za watu, siyo shida ya demo. Kwa demo, pande zote mbili ni zako. Tengeneza duka dogo la kuigiza, liweke seva moja na zana, mpe mgeni hatua tano za kuchezea. Mwache abadilishe jina la kitufe, aone mstari ukigeuka mwekundu, kisha aurekebishe mwenyewe. Mwambie wazi kwamba mbonyezo wa JavaScript haufanani kabisa na wa kidole cha mtu.

Sisi tulioacha chuo hatuna maabara. Ukurasa kama huo ndio maabara yetu, na Huggins alishaonyesha kwamba unawezekana.