Programu ya Kompyuta Iliyobeba Ombi la Yatima wa Rakai

Katika ofisi za mji wa Washington, na katika vitongoji vyake vya Maryland na Virginia ambako makampuni ya kompyuta yamejazana, wapo mafundi ambao kazi yao ya kutwa ni kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Baadhi yao hutumia programu ya kuandikia iitwayo Vim. Fundi akiifungua bila kutaja faili lolote, hukutana na maneno machache katikati ya kioo: jina la programu, namba ya toleo, jina la Bram Moolenaar aliyeitengeneza, na mara nyingi ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda.

Wengi hulipita ombi hilo bila kulisoma. Asili yake ni kisa kirefu kinachoanzia Uholanzi na kupita katika mji mdogo wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Tanzania. Ndani ya kisa hicho limo pia jibu la swali ambalo kila kijana anayetamani kazi ya programu huria hujiuliza: mgeni anaanzia wapi, na nani humfungulia mlango?

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Moolenaar, aliyezaliwa mwaka 1961 na kusomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha ufundi cha Delft, aliingia katika kazi hiyo kwa sababu ya haja yake mwenyewe. Alikuwa amenunua kompyuta aina ya Amiga, na akataka iwe na programu kama vi, ambayo Mmarekani Bill Joy aliiandika mwaka 1976 huko Berkeley, California. Hakuipata. Alichopata ni Stevie, mwigo wa vi ulioandikwa na Tim Thompson kwa ajili ya kompyuta za Atari, na ambao watu wengine walikuwa wamekwisha kuutia mikono. Mwaka 1988 Moolenaar akaanza kuurekebisha.

Kwa hiyo mtu ambaye baadaye angekuwa mlinzi wa mlango aliingia kama mgeni yeyote, akiwa ameshika kazi ya mwenzake. Mwaka 1991 programu yake ilisambazwa kwa mara ya kwanza katika disketi namba 591 ya mkusanyo wa Fred Fish, ambao wapenzi wa Amiga waliutegemea siku zile ambapo intaneti ilikuwa ya wachache. Mwaka uliofuata ikafika katika mitambo ya Unix. Mwanzoni Vim ilimaanisha mwigo wa vi. Mwaka 1993 maana ikabadilishwa, ikawa vi iliyoboreshwa.

Kisha, mwaka 1994, mhandisi huyo akaenda Kibaale.

Hii si ile Kibaale ya Bunyoro, magharibi mwa Uganda. Ni mji mdogo wa wakulima katika wilaya ya Rakai, upande wa kusini. Jina la Rakai lilikuwa limekwisha kujulikana duniani kwa sababu ya msiba. Ni katika wilaya hiyo, kwenye mwalo wa Kasensero ulioko ufukweni mwa Ziwa Victoria, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walitambuliwa mwaka 1982. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, msiba ulikuwa huohuo. Moolenaar alijitolea kwa mwaka mmoja katika Kituo cha Watoto cha Kibaale, akishughulikia maji na usafi. Katika maelezo aliyoyaandika baadaye ndani ya programu yenyewe, alieleza kwamba katika wilaya yenye watu wapatao 350,000, watoto wapatao 60,000 walikuwa wamepoteza mzazi mmoja au wote wawili.

Aliporejea Uholanzi hakuyaacha mambo hayo Kibaale. Mfuko uitwao ICCF Holland ulianzishwa ili kukusanya michango kwa ajili ya chakula, matibabu na masomo ya watoto hao, na Moolenaar akaifungamanisha Vim na mfuko huo. Mtumiaji halipi chochote. Anaweza kuinakili programu apendavyo, ila akiipenda anaombwa awakumbuke watoto wa Kibaale. Ombi hilo limo katika maneno ya leseni, na mwenyewe alirudi Kibaale mara kadhaa kuona jinsi fedha zilivyotumika. Upo ufadhili mwingi unaotangazwa kwa mabango makubwa. Huu ulikaa kimya ndani ya kompyuta za watu.

Na mgeni aliyetaka kutoa kazi badala ya fedha? Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja. Mtu aligundua kasoro, akachukua msimbo, akaurekebisha kwake, kisha akatuma kwa barua pepe ile tofauti tu kati ya msimbo wa zamani na wake. Tofauti hiyo mafundi huiita kiraka, na jina limeafiki, kwani haishonwi nguo mpya, huzibwa tundu. Moolenaar alikisoma kiraka, akakijaribu, na akiridhika alikipa namba na kueleza kwa sentensi chache tatizo lilikuwa nini na limetatuliwaje. Jina la mletaji liliandikwa papo hapo. Baada ya toleo la 7.4 la mwaka 2013, viraka zaidi ya 2,300 vilipita mikononi mwake kabla ya toleo la 8.0 kutoka mwaka 2016.

Haikuwa lazima mgeni aanze na kiini cha msimbo. Mafaili yanayoipa kila lugha ya kompyuta rangi zake kwenye kioo yaligawiwa watu mbalimbali, kila mmoja na lake. Toleo la 7.0 la mwaka 2006 lilipoleta ukaguzi wa tahajia, orodha za maneno zilichukuliwa kutoka kazi za watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa miongoni mwazo.

Hata hivyo, mlango wenye bawabu mmoja una hatari zake. Kiraka kidogo kilipita kwa urahisi. Badiliko kubwa lilikwama. Thiago de Arruda, fundi kutoka Brazil, alileta badiliko la kuiwezesha Vim kufanya kazi nyingine pembeni huku mtumiaji akiendelea kuandika. Halikupokelewa. Mapema mwaka 2014 alichukua msimbo wote, kama leseni inavyoruhusu, akaanzisha programu ndugu iitwayo Neovim. Uwezo wa kazi za pembeni uliingia katika Vim yenyewe na toleo la 8.0, na ni vigumu kuamini kwamba ushindani haukuchangia. Ni haki kusema pia kwamba uangalifu huohuo uliomkatisha tamaa de Arruda ndio uliowafanya mafundi waiamini programu hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Bram Moolenaar alifariki dunia tarehe 3 Agosti mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 62, baada ya ugonjwa uliomzidia katika majuma machache. Mtu mmoja alikuwa ameamua karibu kila kiraka, na sasa hakuwapo. Kazi ilishikwa na wachangiaji wa siku nyingi wakiongozwa na Mjerumani Christian Brabandt, mtu ambaye naye aliingia kwa mlango wa viraka. Tarehe 2 Januari mwaka 2024 walitoa toleo la 9.1 na kulitunuku kwa kumbukumbu ya marehemu.

Kituo cha Kibaale kimekuwa kikisaidiwa pia na shirika la Kanada lenye jina ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa: Kuwasha. Na ndani ya Neovim, programu iliyozaliwa kwa kutoelewana, faili la maelezo kuhusu yatima wa Rakai lilihamishwa pamoja na msimbo. Bado linaitwa Uganda.