Shukrani kwa Halima Mpishi

Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, awe katika kata ya Daudi kwenye nyanda za baridi za Mbulu au katika mji wa pwani, aghalabu humshukuru mwuguzi wake kwa kinywa. Humwombea dua, humshika mkono, na akijaliwa kupona humpa kuku au nguo. Barua ya kuagana, inayomtaja mwuguzi kwa jina na kueleza haki yake, ni nadra. Mgonjwa aliyezidiwa hana nguvu za kushika kalamu, na mwuguzi mwenyewe pengine hasomi. Kwa hiyo historia ya Afrika ya Mashariki ina wagonjwa wengi mashuhuri na wauguzi wachache wenye majina.

Pwani ilikuwa na namna yake ya kuandika maneno ya mwisho, nayo ni wasia. Sheria ya Kiislamu humruhusu mtu kutoa wasia katika theluthi ya mali yake, mbele ya mashahidi. Bwana aliyetaka kumlipa fadhila mtumwa wa nyumbani aliweza kumwandikia huru, au kumfanya mudabbar, yaani mtumwa atakayekuwa huru siku ile bwana wake atakapokufa. Shukrani hii ilikuwa na ubaya ulio wazi, kwa sababu ilimrudishia mtu kitu ambacho hakikupasa kuchukuliwa kwake hata siku moja. Hata hivyo ilikuwa na nguvu moja ambayo maneno matamu hayana: kadhi aliweza kuisoma na warithi waliweza kulazimishwa kuitimiza. Na si kila wasia uliokuwa na shukrani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, ndio wasia ujulikanao kuliko wote katika lugha yetu. Lakini humo watumwa hutajwa kama watu wa kutochanganyika nao ila wakati wa kazi. Nani aliyempelekea mama yule maji usiku? Utendi hausemi.

Katika karne hiyohiyo alikuwako mgonjwa mwingine aliyeandika sana, tena aliandika karibu kila siku, naye ni David Livingstone. Alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Agosti 1872 kuelekea ziwa Bangweulu, afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Kundi lake lilikuwa la watu kama sitini. Susi, mzaliwa wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyetolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka wa 1861, walikuwa naye tangu safari ya awali. Walivuka bahari pamoja naye mpaka Bombay mwaka wa 1864, wakarudi naye Unguja mwaka wa 1866. Na jikoni alikuwako mwanamke, Halima, mke wa Amoda. Huyu ndiye aliyempikia yule mzee ambaye meno yake mengi yalikuwa yameng'oka, na ambaye tumbo lake lilikataa vyakula vingi vya njiani.

Siku moja Halima aligombana na Ntaoeka, mke wa Chuma, akatoroka. Kisha akarudi. Livingstone hakumwadhibu. Alimpa nguo nzito ya kujikinga na baridi ili ajue kwamba hana kinyongo naye, kisha akaandika habari zake katika daftari lake. Alimsifu kwamba ni mwangalifu na hodari, kwamba haibi wala hamwachi mumewe aibe, na kwamba katika msafara wote hakuna aliye bora kuliko yeye. Akaongeza ahadi: watakapofika Unguja atampa uhuru wake, na kumnunulia nyumba na bustani.

Ahadi hiyo yafaa ipimwe vizuri. Si sifa tupu. Mwanamke aliyekuwa mtumwa katika Unguja ya 1872 hakuhitaji kitu kuliko uhuru. Na uhuru bila ya pa kulala ulimrudisha mara nyingi mlangoni kwa bwana wa zamani au bwana mpya. Nyumba ilimpa pa kujifunga mlango, na bustani ilimpa muhogo wa kula na matunda ya kuuza. Mtu aliyeandika maneno yale alijua hasa mpishi wake alihitaji nini. Lakini aliyaandika katika daftari ambalo Halima asingeweza kulisoma, bila ya shahidi, bila ya sahihi ya mtu wa pili, na kwa sharti kwamba wafike. Tajiri yeyote wa pwani, hata yule mwenye moyo mgumu, angalijua kwamba karatasi ya namna hiyo haimfungi mrithi.

Na wakati ulikuwako. Livingstone alitayarisha hata rasimu ya barua kwa serikali yake ya Uingereza juu ya chemchemi za mto Nile, akiacha nafasi wazi za kujazwa vipimo atakapoziona. Chemchemi hizo hazikuwako huko alikozitafuta. Halima alikuwako, hatua chache kutoka hemani, akipepea moto kila asubuhi.

Mwezi wa Aprili 1873, mvua zikiwa zimeijaza nchi maji, mgonjwa alizidiwa na ugonjwa wa tumbo na kutoka damu. Mwanzoni watu walimbeba mabegani. Kisha wakamtengenezea kitanda cha miti cha kuchukuliwa. Hata kumtoa kibandani kukawa kazi, na asubuhi moja ilibidi ubomolewe ukuta ili kitanda kifikishwe mpaka pale alipolala, maana hakuweza kutembea mpaka mlangoni. Walipofika kwenye mto, mitumbwi haikukitosha kitanda, na Chuma ndiye aliyeinama akampakata. Jioni ya tarehe 29 walikuwa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakamjengea nyumba ya miti na majani.

Usiku wa tarehe 30 kijana Majwara aliwekwa alale mlangoni kukesha. Karibu na saa tano Susi aliitwa. Mgonjwa alisikia makelele, akauliza kama ni watu wao. Akaambiwa ni wenyeji wanafukuza nyati mashambani. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, zimebaki siku ngapi kufika Luapula. Susi akamjibu kwamba adhani ni tatu. Baadaye akaomba maji ya moto na sanduku la dawa, akachagua dawa kwa taabu kubwa, kwani macho yalikuwa hayaoni vizuri. Halafu akamwambia Susi kwamba basi, sasa anaweza kutoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia mwuguzi kutoka kwa mgonjwa wake: ruhusa ya kwenda kulala. Kabla ya mapambazuko Majwara alimwamsha Susi, na walipoingia walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Barua ikaandikwa sasa, lakini iliandikwa na wauguzi. Waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome na turubali, wakauchukua kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba 1873 Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyesomeshwa Nasik huko Bara Hindi, aliandika barua kwa Kiingereza, na Chuma akatangulia nayo Tabora. Walikuwa wamesikia kwamba msafara wa Waingereza unaongozwa na mtoto wa marehemu, kwa hiyo waliandika kwa taratibu za tanzia: baba yako amefariki, tumemchukua, na baadhi ya wenzetu wamekufa. Kisha wakasema kwamba wana njaa, wakaomba nguo za kununulia chakula. Aliyeipokea hakuwa mtoto wa marehemu. Alikuwa Luteni Cameron, aliyewashauri wazike hukohuko. Wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 waliifikisha maiti Bagamoyo.

Hapo ndipo shukrani zilipogeuka kuwa hesabu. Kaimu balozi wa Uingereza, Kapteni Prideaux, aliwalipa mishahara yao, wakatawanyika. Wainwright peke yake ndiye aliyefika London kwa maziko ya Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikatengeneza nishani 60 za fedha, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni na maneno ya kusifu uaminifu mpaka mwisho. Nishani ni kitu kizuri kukitazama. Hailimwi, wala hailaliwi.

Huko Uingereza Susi na Chuma walikaa na kasisi Horace Waller, aliyekuwa akitayarisha daftari zile zichapwe. Daftari zilinyamaza mwishoni mwa Aprili 1873, na habari zote za kitanda, ukuta uliobomolewa na maji ya moto zilitoka vinywani mwao. Bila ya mazungumzo yale dunia isingejua jinsi mgonjwa alivyouguzwa, maana yeye mwenyewe hakupata kuyaandika. Kitabu kikatoka mwishoni mwa mwaka wa 1874. Chuma alikufa Unguja mwaka wa 1882. Susi alibatizwa mwaka wa 1886 akachagua jina la Daudi, ambalo ndilo la yule bwana wake (na ambalo watu wa Mbulu hawalioni geni). Akafa Unguja mwaka wa 1891.

Kwa Halima kitabu hakina mwaka. Waller anaishia Bagamoyo, na Halima anaishia humo. Sifa zake zilichapwa London neno kwa neno pamoja na ile ahadi ya nyumba na bustani, zikasomwa na watu wengi waliokuwa na uwezo wa kuzinunua zote mbili kwa bei ya farasi mmoja. Katika yote aliyoandikiwa na mgonjwa wake, alichowahi kupokea kutoka mkononi mwake ni ile nguo nzito ya baridi.